Suruali ya Maji ya Bagula

Louisville, tarehe 11 mwezi wa kumi, 2015

Bagula, papa yangu,

Nakusalimia, mutoto wangu, kwa jina la Yesu. Uko muzima? Unakula? Mimi niko, ni magoti tu yananisumbua nikipanda ngazi za kule hotelini, lakini mashuka nakunja kama kawaida. Hapa Beechmont wote wanakusalimia. Mukabutera wa mlango wa pili anauliza kama umeshapata muke huko Buffalo. Nimemwambia amepata baridi kwanza, muke atafuata.

Bon. Dada yako Josiane alinipigia kutoka Columbus siku ya ine. Tulizungumza mambo ya watoto, mambo ya kwaya, kisha akasema, kama mutu aliyesahau: Mama, unajua Bagula anawinda bata? Anasimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na bunduki mukononi.

Bagula. Tulikimbia Bukavu kwa miguu juu ya bunduki. Tulikaa kambini Nakivale miaka tisa juu ya bunduki. Sasa tumefika mahali ambapo hakuna anayetufukuza, na wewe umeenda kununua yako?

Tena maji. Tena kwenye baridi. Wewe ambaye ukiwa mudogo ukilowa miguu tu, kifua kinakamata, naanza kutafuta mafuta ya kukupaka.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu unaniambia "niko bien, Mama," kisha unakata. Kwa simu kila mutu yuko bien. Kwa karatasi naona mukono wako. Nilisoma miaka mine tu, lakini mukono wa mutoto wangu naujua. Ukiwa na homa, herufi zako zinalala.

Sitakukataza, una miaka ishirini na ine. Nauliza tu: watu wanaosimama kwenye maji ya baridi wanavaa nini? Na wewe unavaa nini? Na kiatu chako ni namba ngapi sasa?

Mimi mama yako,
Nsimire


Buffalo, 24 Oktoba 2015

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimepata barua yako na nimefurahi, hata kama umenigombeza kuanzia juu mpaka chini. Mimi ni mzima, homa sina, angalia herufi zimesimama wima kama askari.

Mama, usimsikilize Josiane, yule akiona mvua anasema mafuriko. Mambo yako hivi. Pale kiwandani nasimama kwenye mashine moja na mzee anaitwa Stan, anakaa Kenmore, hapo juu kidogo ya mji. Mzungu, lakini mzungu wa kucheka. Mke wake alikufa, watoto wako mbali. Miezi sita ananiona nakula peke yangu, siku moja akaniuliza: wewe, Jumamosi unafanya nini? Nikasema nalala. Akasema mtu wa umri wako halali Jumamosi. Ndiyo tukaanza.

Nilisomea kwanza, kuna darasa, kuna mtihani, nimepewa karatasi ya kibali. Bunduki ni yake na inakaa kwake. Tunaenda alfajiri, tunajificha kwenye matete kando ya mto, tunasubiri bata. Mama, kuna ukimya pale ambao sijausikia tangu tuje nchi hii. Mtu anakaa na wewe saa tatu bila kukuuliza unatoka wapi.

Nguo yake ni suruali ya mpira, inafika mpaka kifuani, ina kanda za mabegani, na chini imeshikana na mabuti. Wenyewe wanaiita weda. Niliyo nayo ni ya zamani ya Stan, kitambaa chembamba kama cha mwavuli. Maji hayapiti, ila baridi inapita. Stan anasema nzuri ni ile ya mpira mnene wenye sponji, buti lake lina joto ndani, na magoti yameongezwa mpira. Isikubane, kwa sababu mguu ukibanwa damu haitembei, unaganda. Isiwe kubwa sana pia, matope yatakuvua buti. Na lazima mkanda kiunoni, ukianguka maji yasijae.

Kiatu ni namba kumi. Lakini Mama, USINUNUE. Nitajinunulia mwenyewe mwaka mpya.

Mwanao,
Bagula


Louisville, tarehe 15 mwezi wa kumi na moja, 2015

Papa yangu,

Salamu nyingi. Natumaini kifua kiko sawa. Mimi leo magoti hayaumi, ni furaha.

Nimenunua.

Usikasirike, soma kwanza. Siku ya posho hotelini nilimwambia Mukabutera, twende, wewe una Kiingereza, mimi nina miguu. Tukapanda basi mbili mpaka lile duka la wavuvi. Papa, zimetundikwa pale kama watu walionyongwa! Nikasema hizi nitachaguaje? Muuzaji ni kijana mwenye ndevu nyekundu, akauliza ni ya nani. Mukabutera akasema ya mutoto wake. Akauliza mutoto ana urefu gani. Nikamuonyesha kwa mukono: mimi nikisimama, kichwa changu kinafika kwenye kidevu chake.

Kwanza akanipa ile nyembamba ya mwavuli. Nikaisugua kwa vidole. Nikasema hapana, hii ndiyo inamuua sasa hivi. Akaleta ya mupira munene. Nikaikamua, nikaipeleka kwenye shavu, nikaingiza mukono ndani ya buti mpaka kwenye vidole. Iko na manyoya madogo. Lakini mukono haujui kitu, mguu ndio unajua. Nikamwambia Mukabutera: mwambie naivaa.

Nikavaa, papa! Na kitenge changu ndani, kimekunjwa hapo kiunoni kama mimba. Nikachuchumaa. Nikapanda kigoda. Nikatembea mpaka kwenye magunia ya mbegu za kulisha ndege na kurudi. Watu wakasimama. Mukabutera akacheka mpaka akakaa chini, anasema, "Mama Josiane, sasa wewe ndiyo bata, atakupiga nani?" Muuzaji naye akasema mama huyu ananunua vizuri kupita wawindaji wote wa Kentucky. Joto lake, Bagula! Nilitoka jasho mule dukani.

Muuzaji alisema nipandishe namba moja kwa ajili ya soksi. Mimi nikapandisha mbili. Unanijua, sijawahi kukununulia nguo ya kukutosha. Kule Nakivale ulivaa koti moja kutoka darasa la tatu mpaka la sita, kila mwaka nafungua pindo kidogo, na hukupata baridi.

Sasa sikia kazi niliyofanya. Usiku ule niliangalia televisheni, wakaonyesha theluji ya Buffalo, magari yamefunikwa yote. Nikaona mupira peke yake hautoshi. Lile blanketi la kahawia tulilopewa siku tumeshuka ndege, unalikumbuka? Nimelikata, nimetia bitana ndani ya miguu yote miwili, kutoka kwenye kiuno mpaka kwenye kisigino. Mashini ilikataa, mupira ni munene, kwa hiyo nimeshona kwa mukono, na sindano ya magunia. Siku tisa. Nimepitisha sindano mpaka nje na kurudi ndani, hatua ndogo ndogo, ili blanketi lisikimbie ukitembea. Uzi ni rangi ya tope, kwa nje huuoni hata ukitafuta. Vidole vyangu vimevimba lakini ni kazi nzuri, hata ungempa fundi wa Bukavu hangeshona vile.

Kwaya inaenda Columbus wiki ijayo, wataiacha kwa Josiane. Shemeji yako Jean-Baptiste anapeleka mzigo Buffalo na lori lake, atakufikishia mukononi.

Vaa, upone. Sasa nitalala.

Mama


Buffalo, 6 Desemba 2015

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo na magoti yako.

Suruali imefika. Jean-Baptiste aliileta mpaka mlangoni. Ina joto sana, sijawahi kuvaa kitu chenye joto hivi. Stan ameangalia mishono yako, amesema hajaona mtu anayeshona hivyo maisha yake yote.

Asante sana, Mama. Usihangaike tena.

Kazi ni nyingi, nitaandika zaidi siku nyingine.

Mwanao,
Bagula


Louisville, tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili, 2015

Bagula papa,

Noeli njema. Uko muzima kweli?

Nimesoma barua yako mara tano, si kwa sababu ni ngumu, ni kwa sababu ni fupi. Ile ya kwanza uliniambia ukimya, ukaniambia matete. Hii ni kama karatasi ya kazini. Hata bata hujasema. Ulipiga bata? Walikuwa wangapi? Ulipika na nini?

Herufi hazijalala, nimeangalia. Lakini ziko mbali mbali, kama watu waliogombana.

Halafu Josiane anasema umemuomba soksi za sufu jozi sita. Sita za nini, na blanketi liko ndani? Nikamuuliza, akasema, "Mama, ni za marafiki." Kisha akasema maharagwe yanaungua, akakata. Mimi najua Josiane hapiki maharagwe siku ya ine.

Donc nimekutumia soksi nyingine ine, na picha ya kwaya. Nitumie picha yako umevaa suruali, nataka kuipeleka kanisani. Nimewaambia wote. Mama Muhoza anataka nimshonee mume wake naye.

Mama yako anayekuwaza,
Nsimire


Louisville, tarehe 9 mwezi wa kwanza, 2016

Bagula,

USIVAE ILE SURUALI.

Nimepiga simu tangu jana saa nane, hushiki. Nimempigia Josiane, analia tu. Naandika kwa sababu mikono yangu haina kitu kingine cha kufanya.

Jana nilirudi kwenye lile duka na Mukabutera. Nilitaka namba ya mume wa Mama Muhoza. Yule kijana wa ndevu nyekundu alinikumbuka, akacheka, akauliza mutoto anasemaje. Nikamwambia anasema joto tele, na zaidi kwa sababu mimi nimemtilia blanketi. Nikamuonyesha kwa vidole vile nilivyopitisha sindano, nje na ndani, nje na ndani. Nilikuwa najisifu, papa. Nilikuwa natabasamu.

Yule kijana akaacha kucheka. Akachukua buti la zamani chini ya meza, akatoboa na sindano mara moja tu, mara moja, akamimina maji ya chupa yake ndani. Tukangoja. Tone likatoka. Kisha lingine. Akaniangalia kama mutu anayeomba msamaha, na mukosaji ni mimi.

Mupira munene hivi, uzi mwembamba vile, nilisema maji yatapita wapi? Kumbe yanapita palepale nilipopita mimi.

Siku tisa, Bagula. Hatua ndogo ndogo. Kama ningekuwa muvivu, ningekutoboa mara chache.

Ivue. Itupe. Vaa ile ya mwavuli. Usiingie kwenye maji kabisa. Nashindwa kuja, siku za kupumzika nilimaliza kwa magoti, na basi peke yangu sijui inabadilishwa wapi. Nimekaa hapa na simu kwenye mapaja. Nikiita inalia mpaka inanyamaza.

Shika simu. Uniambie "niko bien." Nitakubali.

Mama


Buffalo, 13 Februari 2016

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa mwezi mzima. Josiane amekuambia nilianguka kwenye barafu. Sikuanguka. Umesema kwa karatasi unaniona, kwa hiyo naandika.

Nilijua siku ya kwanza. Tulikuwa tumesimama kwenye matete, maji yamefika mapajani, na ndani nikahisi kama jasho linashuka. Nikasema ni joto la Mama. Baada ya nusu saa lile blanketi lilikuwa limekunywa mto. Stan aliigeuza ndani nje nyuma ya gari lake, akaona mishono. Alichosema ni kweli, hajaona mtu anayeshona hivyo. Lakini alisema na lingine: bwana, rudisha hii dukani. Nikamwambia siwezi, ni mama yangu aliyeshona. Akaigeuza tena, akanirudishia.

Nilichukua wembe nifumue. Nilifumua kama kidole kimoja hivi. Mama, ule ni mshono uleule wa koti la Nakivale, ile hatua yako inayolala kidogo kushoto. Nikaacha. Na hata ningefumua, matundu yangebaki. Nilimweleza Josiane, na Jean-Baptiste, na sote tukakubaliana usijue. Tulijua utavunjika. Zile soksi zilikuwa za kubadilisha ndani ya gari, na mifuko ya plastiki juu yake. Suruali ya zamani Stan alikuwa amempa kijana mwingine. Kununua mpya sikutaka, kwa sababu ungeiona kwenye picha.

Ile siku uliyoenda dukani, tarehe nane, sikuwa na kazi, tukaenda. Lilikuwa juma la mwisho la kuwinda. Bata alianguka mbali, nikamfuata. Miguu ilikuwa imeacha kuuma, nikafikiri ni vizuri. Buti la kushoto likashikwa na matope, mguu ukatoka ndani yake, ukabaki kwenye ule mguu wa suruali uliojaa maji, sikuweza mbele wala nyuma. Nilisimama pale nikisikia simu yako inalia ndani ya gari la Stan, lililokuwa wazi pale ukingoni. Nilijua ni yako, ni ule mlio wa wimbo wa kwaya. Stan alikuwa ameshavua weda yake, akaingia na nguo zake za kawaida akanivuta. Alikaa hospitali siku tatu naye, mzee wa watu.

Wamekata vidole viwili vya mguu wa kushoto, cha mwisho na kinachofuata. Natembea na fimbo. Kiwandani wanasema nitarudi, lakini kule ni kusimama saa kumi, sijui.

Mama, si sindano yako. Ni mdomo wangu. Ningesema neno moja mwezi wa kumi na mbili, ningekuwa na vidole kumi.

Mwanao,
Bagula


Louisville, tarehe 20 mwezi wa tatu, 2016

Bagula, papa yangu,

Nakusalimia. Sikuulizi kama uko muzima.

Barua yako nilikaa nayo wiki ine. Nilianza kujibu, nikaacha, nilianza tena. Kwanza nilikasirika. Ninyi wote mulijua. Josiane alijua, Jean-Baptiste alijua, hata muzungu wa Kenmore alijua, na mimi natembea kanisani nasema mutoto wangu ana joto. Kisha nikakumbuka kule Nakivale, siku ambazo unga haukutosha, niliwaambia nimekula kwa jirani. Munaitoa kwangu tabia hii. Sasa nitamgombeza nani?

Jean-Baptiste alirudisha suruali mpaka Columbus vile nilivyomuomba, na kwaya wakaniletea. Ilikuwa imekauka na tope lenu. Mukabutera anasema, "Mama Josiane, tupa, hakuna mutu anaenda kuwinda tena." Ni kweli, najua. Lakini nimeifumua yote. Mikono iliniambia fumua, nikafumua. Blanketi nimelifua, limebaki vipande, halifuniki hata mutoto muchanga.

Kisha nikaenda kwa watu wanaotengeneza baiskeli, nikaomba solusheni ile ya kuzibia mipira. Kila tundu nimelipaka, nimengoja likauke, nimepaka tena. Nikirudi kazini nakaa chini, napaka. Jana nilijaza maji lile beseni kubwa la kuogea, nikapuliza suruali, nikafunga kiuno kwa kamba, nikaizamisha kama fundi wa baiskeli. Nikaangalia.

Povu moja linapanda. Upande wa kushoto, karibu na kisigino. Nimekausha, nimepaka pale, nimerudisha kwenye maji. Bado linapanda. Nimetafuta kwa vidole, kwa miwani ya Mukabutera, kwa ulimi hata. Tundu silioni. Povu naliona.

Bon. Dukani nimeona viatu vya ngozi vyenye manyoya ndani, si vya maji, ni vya kutembea tu mpaka kituo cha basi. Safari hii nitanunua vya kukutosha. Mguu wa kulia najua ni kumi. Wa kushoto niandikie sasa ni ngapi. Usiseme kwa simu, niandikie.

Niko hapa bafuni, karatasi iko kwenye goti. Linapanda tena.

Mama